Kabla hujatafuta cha kuzibulia, tafuta palipoziba: mazungumzo na wakaazi wa Mji Mkongwe kabla ya masika

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mlosimama kule mlangoni, ingieni ndani nafasi ipo. Nimeombwa nizungumze habari ya mabomba ya maji machafu, na wallahi nimefurahi, kwa sababu hili jambo watu hulionea haya, mtu choo chake kinarudisha maji wiki nzima hamwambii jirani, anafukiza udi tu nyumba inukie, mpaka siku maji meusi yanatokeza ukumbini na wageni wamekaa ndo tunaitwa sie mafundi usiku mbio mbio. Leo tulizungumze mchana, kabla mvua hazijaanza, na bila ya haya.

Neno langu kubwa ni moja, nalisema mwanzo ili hata anaewahi kwenda kupika aondoke nalo: kabla hujatafuta cha kuzibulia, tafuta kwanza palipoziba. Watu wanamaliza pesa na wanaharibu mabomba kwa sababu wanaanza na dawa, na dawa haijui inakokwenda, unaimwaga kwenye sinki la jiko kumbe kilichoziba kipo mita 15 mbele, uchochoroni, chini ya mfuniko ambao hata hujui kama upo.

Sasa sikilizeni. Bomba halizibi siku moja, isipokuwa mtoto katia kikombe chooni. Bomba la kawaida la kutolea maji ya choo ni la nchi 4, kubwa, mkono wa mtu mzima unaingia. Kwanza linapata utando wa mafuta, ule utando unakamata nywele, nywele zinakamata mchanga, mchanga unakamata machicha, na tundu linapungua kidogo kidogo mpaka linabaki la kidole. Na hata likiwa la kidole ukiosha vikombe viwili maji yanapita, kwa hivyo wewe unaona kuko salama. Siku mna shughuli, mnaosha masufuria ya pilau na watu kumi wanaoga, ndo unasema "bomba limeziba leo". Halijaziba leo. Lilianza zamani na lilikuwa linakwambia, maji yalikuwa yanazunguka kwenye sinki badala ya kushuka, bafuni yalikuwa yanakufika vifundoni ukiwa hujamaliza kuoga, choo kilikuwa kinapanda kwanza ndo kishuke. Hizo ni habari, na ukizipokea mapema kazi yake ni ya robo saa.

Basi palipoziba unapajuaje? Hapa n'naomba mama zangu mnisikilize sana maana nyie ndo mnakaa na hizi nyumba.

Angalia kwanza, ni sehemu moja inayosumbua au ni zaidi ya moja? Kama ni sinki la jiko peke yake, na choo kinakwenda, na bafu linakwenda, basi tatizo liko kwenye lile sinki na bomba lake dogo, halijafika mbali. Kama ni bafu peke yake, ni nywele na sabuni, chini ya kile kichujio. Lakini ukimwaga ndoo chooni ukaona maji yanatokeza kwenye tundu la bafu, au unaosha nguo uwani choo kinakoroma, au mabomba mawili matatu yamelegea wiki moja, yaani maji yanashuka pole pole, hapo usishughulike na sinki, bomba kubwa ndo limeziba, lile ambalo yote yanakutania. Na maji siku zote yatatokea pahala pa chini kabisa pa nyumba, ndo mana anaeishi chini ndie anaeoga na maji ya wenziwe.

Ule mkoromo watu wanauogopa wakadhani ni kitu chengine. Ni hewa. Maji yakishuka kwenye bomba lazima hewa ipate pa kupita, vile vile kama dumu la mafuta ukiliinamisha halina tundu la juu linakwenda glug glug glug. Lile bomba jembamba linalopanda mpaka juu ya paa kazi yake ni kupumua tu, na nimeyaona mengi yamezibwa na kiota cha ndege, na mengine yamekatwa wakati wa ukarabati kwa sababu eti linaharibu sura ya nyumba. Ukilikata bomba la pumzi, maji yanayoshuka kwa nguvu yananyonya maji ya kwenye kona ya chini ya sinki na harufu yote ya chini inapanda jikoni kwako.

Na hiyo kona niielezee, maana kuna watu wanaiona ni ujinga wa fundi kwanini bomba lipinde badala ya kushuka sawa. Lile pindo linabakisha maji kidogo, sentimita 5 mpaka 7 hivi, na yale maji ndo mlango, yanazuwia hewa chafu na mende. Alopata hati ya kwanza ya ubunifu wa choo chenye bomba lilopinda hivyo ni Mskoti mmoja Alexander Cumming, mwaka 1775, na hadi leo hakijapatikana kitu bora zaidi. Kwa hivyo chumba cha wageni kisichotumika kikianza kunuka msiite fundi, mimina vikombe viwili vya maji kwenye tundu la bafu, yale ya zamani yamekauka, ndo hivyo tu.

Sasa jikoni. Hapa ntakaa kidogo.

Sie ni watu wa nazi na samli. Ukishachuja tui, yale machicha yanakwenda wapi? Wengine wanawapa kuku, Mungu awazidishie. Wengi siku hizi nyumba za ghorofani hazina kuku, kinachobaki kwenye chujio kinasukutuliwa kwenye sinki, na machicha hayayeyuki. Yanatuna, yanakaa pale kwenye kona, yanangoja mafuta. Halafu linakuja sufuria la biriani, lile la samli, linamiminiwa maji ya moto na sabuni, samli inayeyuka inashuka vizuri kabisa, unaona pamesafishika. Kumbe mita tatu mbele bomba ni la baridi, samli inaganda pale pale. Mafuta ya nazi yenyewe yanaganda chini ya nyuzi 24, kwa hivyo ile miezi ya kipupwe, usiku, hata chupa ya kichwani inakuwa nyeupe, sembuse bomba lilo chini ya ardhi.

Na liko jambo jengine ambalo wengi hawalijui. Maji yetu Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, ndo mana birika linaota ukoko mweupe ndani. Ile chokaa ikikutana na mafuta yaliyooza ndani ya bomba inageuka kitu kigumu mfano wa sabuni ilokauka, haikwaruziki kwa mkono. Huko London mwaka 2017, mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la mafuta yaloganda na tishu za majimaji lina urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, ndani ya mtaro mkubwa wa matofali, na kulikwangua kuliwachukua wiki nyingi. Sie mabomba yetu ni ya nchi 4 na nchi 6. Halihitajiki bonge la tani 130, kilo mbili zinatosha kuzimaliza nyumba nne.

Kwa hivyo namna ya kufanya ni nyepesi wala haina gharama. Sufuria la mafuta lipanguse kwanza na gazeti au karatasi kabla halijaona maji. Mafuta ya kukaangia bajia na sambusa yakishakuwa meusi yatie kwenye chupa ya plastiki uifunge, uitupe na taka. Machicha, magamba ya samaki, maganda ya vitunguu, wali ulobaki, vyote kwenye ndoo ya taka, na sinki litiwe kichujio kile cha waya, vinauzwa Darajani bei ya chini kabisa. Mama ntilie na ndugu zangu wa urojo nyie ndo zaidi, mnapika kwa siku moja anachopika mwenye nyumba kwa wiki tatu.

Bafuni ni nywele, mafuta na mchanga. Sie tunaishi na pwani, watoto wanarudi kuoga baharini Forodhani mchanga mpaka masikioni, na tunatawadha miguu ishatembea vichochoro. Mchanga hauyeyuki na dawa yoyote duniani. Watoto wasuuzwe nje kwanza. Kwenye choo sie tuna bahati moja, tunatumia maji kuliko karatasi, lakini pampasi, pedi, pamba na hizi tishu za majimaji zimeingia na zinatupwa chooni. Kwenye pakiti wameandika unaweza kutupa chooni, mimi nazitoa chembani, lile shimo la kukagulia bomba lenye mfuniko, nzima nzima baada ya miezi, rangi yake ile ile.

Dada mmoja pale kauliza, je kostiki soda? Swali zuri sana na nilikuwa nalingoja.

Kostiki inakata mafuta na nywele, kweli. Lakini maji yakiwa yamesimama kabisa, ukiimwaga inakaa hapo hapo juu, inachemka yenyewe kwa yenyewe, inalainisha bomba la plastiki na viungo vyake, na kilichoziba kipo mbele hakijaguswa. Halafu unaniita mimi, nakuja natia mkono au naingiza springi, ule waya mrefu wa kuzungusha wa kuzibulia, yale maji yananirukia usoni bila kuambiwa kuna nini ndani. Vijana wa kazi hii wameungua macho. Nakuombeni, ukishatia dawa mwambie fundi, usimfiche. Na la kufa na kupona ni hili: usichanganye. Jiki ikikutana na asidi, hata ile ya kusafishia vyoo, inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hazina dirisha. Jiki na dawa yenye amonia nayo inatoa gesi ya sumu. Mtu katia hii haikufanya kazi anaongeza ile, anainama kuangalia. Usifanye. Tena ile asidi ya betri watu wanaoimwaga chooni, inatafuna saruji ya chemba na kuta zetu hizi za mawe na chokaa.

Magadi na siki mlivyoona kwenye simu, povu linapendeza, linaondoa harufu kidogo, bomba lilioziba halizibui. Maji ya moto yanasaidia mafuta mapya, lakini yasiwe yanachemka, plastiki ya mabomba haya inalegea, yaache yapoe kidogo kwanza.

Kinachozibua ni mkono. Kwa sinki, weka ndoo chini, fungua ile kona kwa mkono, safisha, rudisha na mpira wake usipotee. Ukiona hapo pasafi, tumia ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, na wengi wanautumia vibaya, wanaupiga kama wanatwanga. Jaza maji mpaka yafunike mpira, ziba na kitambaa mbichi lile tundu la pembeni la sinki, na kama masinki ni mawili ziba na la pili, halafu sukuma taratibu na vuta kwa nguvu, kule kuvuta ndo kunakong'oa, mara 15, mara 20, bila kuunyanyua. Bafuni toa kichujio, tia waya uloukunja ncha, vuta nywele. Utatapika, lakini utazibua. Ikishindikana hapo ndo springi, na springi ukiizungusha ikagoma usiilazimishe, itatoboa bomba.

Haya, tumetoka nje ya nyumba. Chemba.

Kila nyumba inayotoa maji kwenye bomba la mtaa ina chemba, na zipo nyumba hapa mwenye nyumba hajui ilipo. Zimetiwa saruji juu, zimetiwa vigae, nyengine imejengewa kibaraza cha duka. Mimi nasema hivi, mtu alojenga juu ya chemba kajenga juu ya haki ya watu wa juu yake wote, kwa sababu siku ikiziba hapana pa kuingilia ila kuvunja.

Kuisoma chemba ni rahisi kuliko kila kitu nilichosema leo. Choo kimejaa, fungua chemba yako ya mwanzo. Iko kavu? Basi palipoziba ni baina ya choo na chemba, kazi ya nyumba yako. Imejaa? Basi ni mbele, nenda ya pili, nenda ya tatu, mpaka uikute kavu, na baina ya ilojaa na ile kavu ndo penyewe. Umeshajua, bila dawa na bila shilingi. Hapo fundi anaingiza fito kutokea ile kavu, anasimama pembeni maana yakifunguka yanakuja kwa nguvu zote, na anatia kitu cha kukamata uchafu mzito usiende kuziba kwa watu wa chini. Fito zile za kuunganisha zizungushwe upande wa kulia tu wakati wote, ukizungusha kushoto zinafunguka, kipande kinabaki ndani ya bomba, sasa una matatizo mawili.

Kama pameziba tena mwezi ujao, pale pale, hiyo siyo taka. Ni bomba limevunjika, au limekaa bila mteremko, au ni mizizi. Bomba la nchi 4 linataka lishuke kama sentimita 2 kila mita moja, likilala maji yanakwenda pole pole na mzigo unabaki. Na mizizi ya mkungu na mwembe inafuata unyevu, inaingia kwenye kiungo cha bomba la zamani la udongo kama uzi, halafu inanenepa ndani. Kuikata ni kuipogoa, itarudi. Hapo pachimbwe kiungo kibadilishwe, usikubali kulipa kila mwezi kuzibua pahala pamoja.

La bahari sasa, na hili ni letu sie watu wa mjini. Mabomba makubwa ya Mji Mkongwe yanamwaga baharini. Bahari yetu ikiwa bamvua inapanda na kushuka kama mita 4, kwa hivyo maji yakijaa mdomo wa bomba unazama na yale yanayotoka yanasimama yangoje. Wavuvi mlioko hapa mnajua, siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na yanapwa mnamo saa 4 asubuhi. Basi nyumba za chini zilizo karibu na pwani zikilegea saa 10 jioni na saa 4 usiku zikaenda vizuri zenyewe bila kuguswa, bomba halijaziba, ni bahari. Wanaitwa mafundi wanalipwa, wanachezea chezea, maji yanapwa, wanaondoka na sifa. Na ukitaka kufungua chemba za chini zifungue saa 4 asubuhi siku za bamvua, utaona mpaka chini.

Na ikija masika, Machi mpaka Mei, mvua ikakutana na bamvua saa 10 jioni, hapo ndo kilio. Na sie wenyewe tunaongeza, uwa ukijaa maji ya mvua mtu anafungua mfuniko wa chemba yaingie, yanaingia na chupa, mchanga, mifuko na ndala moja. Mifereji ya paa nayo imeunganishwa mle mle. Bomba la maji machafu halikujengwa kubeba mvua. Maji ya mvua yana mitaro yake, na miaka ya karibuni imejengwa mitaro mikubwa mjini chini ya ule mradi wa huduma za miji wa serikali na Benki ya Dunia uloanza 2011, ule ulotengeneza na ukuta wa Mizingani. Mvua iende huko, na mtaro huo usigeuzwe jaa.

Jamaa zetu wa Ng'ambo na mashamba, na wa Chake na Wete walonitumia ujumbe wakisema na sie je, nyie wengi mna karo, shimo la maji machafu la nyumba yenyewe. Karo likijaa dalili ni zile zile, kila kitu kinalegea pamoja, na juu yake ardhi ina unyevu au majani yameota vizuri kupita kiasi. Karo zuri lina vyumba viwili, tope linazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati ndo yanakwenda kwenye shimo la kunyonya. Tope linataka kunyonywa na gari kila miaka mitatu mpaka mitano kwa nyumba ya kawaida, msingoje lirudi. Msitie dawa ya kuua vijidudu ndani, wale vijidudu ndo wanaofanya kazi. Na ardhi yetu ni ya matumbawe, ina nyufa, kinachotoka kwenye karo bovu kinashuka haraka kwenye kisima. Kisima kiwe mbali na karo, na maji yachemshwe.

Na hapa naomba ukimya kidogo. Mtu asiingie ndani ya karo wala chemba ya kina. Kwa pesa yoyote. Mle mna hewa inayonuka yai bovu, na ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena, unadhani imeondoka, na pumzi mbili tatu unaanguka. Anaemfuata kumtoa anaanguka juu yake. Hivi ndivyo wanavyokufa watu watatu wanne shimo moja, ndugu kwa ndugu, na kila mmoja alikuwa anaokoa. Ukimkuta kijana kaajiriwa kuingia na ndoo na kamba, mzuie, hata kama si nyumba yako. Wakiingia waingie wenye vifaa vya kupumulia.

Kwanini nalishikilia hivi jambo hili? Mzee mmoja kaniambia asubuhi, we bwana ni choo tu. Babangu, visiwa hivi kipindupindu kiliua watu kwa maelfu mwaka 1869 na 1870, na mwaka 1978 kikaingia tena, na tangu hapo kimekuwa kikija na kuondoka na mvua. Kile kimelea kinatembea kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi. Na mabomba yetu ya maji safi yanakata, yanakuja usiku yanaondoka asubuhi, na bomba la maji safi likiwa tupu linanyonya, kama pana ufa na juu yake pana dimbwi la chemba ilofurika, linavuta lile dimbwi, na maji yakirudi yanatangulia kwenye ndoo yako. Ndo mana chemba ya jirani inayofurika si habari ya jirani. Na nyumba zenyewe hizi, mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, bomba linalovuja ndani ya ukuta linaozesha vichwa vya boriti kimya kimya, na mji huu umeandikwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

La mwisho ni la pesa, maana ndipo tunapogombana. Nyumba nyingi hapa zilijengwa kwa ukoo mmoja, leo zina familia tano. Wa juu anasema "kwangu maji yanakwenda, silipi". Yataacha vipi kwenda na uko juu? Kwako yatakwenda siku zote, yanakwenda kwa mwenzio wa chini, na mwenzio mjane anaamka usiku kuzoa maji ya watu anapiga deki na kulia. Mtume sallallahu alayhi wasallam kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na sijui dhara iliyo wazi kuliko hii. Bomba la pamoja lilipwe na wote wanaomwaga ndani yake, sawa kwa sawa, na wa chini asilipe zaidi kwa sababu tu ndie alieona. Mkusanye kidogo kidogo kila mwezi kwa mtu mnaemuamini, msafishe chemba kabla ya masika na kabla ya vuli, hamtaniona usiku.

Kwa mtaa huu tushakubaliana na Sheha, siku ya bamvua inayokuja, saa 4 asubuhi, tunafungua chemba zote kuanzia ya juu kushuka mpaka ile ya mwisho kabla ya barabara ya pwani. Pale mlangoni pana daftari. Andikeni nyumba na chemba ilipo, na kama hujui ilipo andika sijui, tutaitafuta pamoja, na kama imefunikwa vigae sema, hatumgombezi mtu. Fito na glavu naleta mimi na vijana wangu, kila nyumba itoe ndoo moja na mtu mmoja, na watoto wabaki ndani mpaka mifuniko yote irudishwe.

Assalaam aleykum.